Zamu ya Kijitu cha Kijani

Winnie Shigela alikuwa mwalimu wa kemia, na alikuwa na tabia ya kuwakata watu kauli. Ukimwambia kuna paka amelia vibaya juu ya bati, anakuuliza ulimpima kwa kipimo gani. Watu wa mtaa wa Igogo walimvumilia kwa sababu aliwafundishia watoto wao bure kila Jumamosi asubuhi, na kwa sababu dada yake Tereza, aliyekuwa akiishi naye, hakuwa na neno na mtu.

Tereza aliuza dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Mungu alimjalia mapasa, yaani mapacha, wa kike, Kulwa na Doto, wanaofanana hata majirani wakachoka kukisia. Winnie alikuwa na alama yake moja tu ya kuwatofautisha. Doto akitaka kuruka kitu chochote, mtaro, kizingiti, jiwe, alianza kwa kudunda mara mbili papo hapo, dundu dundu, ndipo aruke. Kulwa aliruka tu.

Kwa Wasukuma, mapasa hawabaguliwi. Gauni likinunuliwa, yananunuliwa mawili. Mmoja akipewa kipande cha samaki, mwenzake apewe cha ukubwa uleule, hata kama ameshiba. Na mmoja akitangulia mbele ya haki, bibi yao wa Magu alikuwa amekwisha kusema, fungu lake halikomi.

Doto alitangulia mwezi wa tatu. Alizama ziwani, pale chini kwenye mawe wanapofulia watu, mchana kweupe, Kulwa akiwa amekaa juu ya jiwe.

Tangu siku hiyo Tereza aliendelea kupakua sahani mbili za watoto. Ya pili aliifunika kwa kawa akaiweka dirishani. "Hii ya Doto," alisema, kila siku, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Dada, unamlisha nani?" Winnie alimwuliza mwezi wa tano. "Nzi?"

Winnie akaapa kwamba kwake yeye mchezo huo hautafika. Atakachonunua yeye, atanunua kimoja.

Ndivyo alivyofika mtaa wa Makoroboi kwa fundi Nurudin, anayefufua redio na TV zilizokwisha kukatiwa tamaa. Kulwa alikuwa haongei wala hachezi, na Winnie alitaka kitu cha kumchangamsha. Nurudin alimwonyesha kiboksi cha gemu za zamani, zile ambazo kijitu kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kinaruka mashimo, kinakanyaga vidudu vya miba, kinagonga matofali kwa kichwa, mpaka kifike kwenye bendera kabla muda haujaisha.

"Hii inakwenda na padi mbili za kuchezea, mwalimu," Nurudin alisema, akizitoa.

"Mtoto ni mmoja."

"Basi chukua tu, bei ni ileile."

"Fundi, nimesema mtoto ni mmoja."

Nurudin akamtazama. Watu wa Makoroboi walikuwa wamesikia habari za msiba. Akairudisha padi ya pili chini ya meza, akiuzungusha waya wake taratibu, kama mtu anayetaka kupewa nafasi ya kukatazwa. Winnie hakumkataza.

Gemu ilimfaa Kulwa, hilo lisifichwe. Jioni ya kwanza alicheka. Alikuwa na roho tatu. Akitumbukia shimoni, roho moja inakwenda. Kilichomsumbua ni kioo. Njia ilifunguka upande wa kulia tu. Ulichokiacha kushoto kilimezwa, na ukikimbilia huko unajigonga kwenye ukingo wa TV kama kwenye ukuta.

"Mamdogo, mbona haikubali nirudi nilikotoka?"

"Ndivyo walivyoitengeneza."

"Wao hawakusahau kitu huko nyuma?"

Winnie, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akaenda kukoroga chai.

Kulikuwa na jambo jingine. Gemu ikiwashwa, huuliza: mchezaji mmoja au wawili? Kulwa alichagua wawili.

"Chagua mmoja, we mtoto. Padi ni moja."

"Nimezoea wawili, Mamdogo."

Kwa utaratibu wa gemu ile, watu wawili hawachezi pamoja. Wanapokezana. Mchezaji wa kwanza, kijitu chekundu, akifa, zamu ni ya mchezaji wa pili, kijitu cha kijani, mpaka naye afe. Sasa kijani hakuwa na padi wala mtu. Alisimama palepale mwanzo wa njia, akitazama kulia, mpaka muda wake ukaisha akafa. Ndipo zamu ikarudi kwa Kulwa. Muda wote huo Kulwa aliiweka padi mkekani kando yake, mikono mapajani, kimya, kama yuko kanisani.

"Ni zamu yake," alisema alipoulizwa. Winnie hakutaka kujua ni zamu ya nani.

Jumamosi ya tatu tangu gemu ije, saa nane mchana, jua lilikuwa linapiga bati mpaka linalia. Tereza alikuwa amerudi kutoka Mwaloni, amekaa kwenye stuli akijipepea kwa upande wa khanga, ananuka dagaa. Winnie alikuwa anasahihisha madaftari. Kulwa akatumbukia shimoni.

"Umekufa tena!" Tereza akasema. "Wewe hujui kuruka, mwanangu."

Kulwa akaweka padi mkekani. Kijani akatokea. Akasimama.

Halafu akadunda. Mara mbili. Papo hapo.

Akaruka shimo.

Stuli ya Tereza ililia. Winnie aliinua kichwa, akatazama mikono ya Kulwa. Ilikuwa mapajani. Akatazama padi. Ilikuwa mkekani, imelala.

Kijani alifika kwenye tofali, akadunda mara mbili, akarukia. Kwenye kidudu, dundu dundu, akakikanyaga. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa na furaha, ukimtazama. Hilo ndilo lililomfanya Winnie asikie baridi mgongoni, mchana ule wa jua: kile kijitu kilikuwa na furaha.

"Doto," Tereza alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. "Jamani. Doto wangu."

"Nurudin ameuza kitu kibovu," Winnie alisema.

Kulwa akaongea bila kugeuka.

"Siku ile ilikuwa zamu yangu, Mamdogo."

"Siku ipi?"

"Tulikuwa tunapokezana. Mmoja anazama, mwenzake anahesabu. Ilikuwa zamu yangu, nikaogopa. Nikamwambia nenda wewe tena, mimi baadaye. Nilihesabu mpaka mia tatu."

Tereza, nadhani, hakumsikia kabisa. Alikuwa anaangalia TV.

Kijani alifika kwenye bendera. Kioo kikawa cheusi, kikafunguka tena. Njia ilikuwa imekwisha. Palikuwa na maji tu, juu mpaka chini, na mawe makubwa ya mviringo yamepandana, kama yale ya ziwani kwetu. Kijani akaingia. Mapovu madogo yakamtoka mdomoni.

Kulwa akavuta pumzi moja ndefu, akaibana.

Winnie alidhani ni mchezo wa kitoto. Akahesabu moyoni, kwa mazoea ya maabara. Ishirini. Arobaini. Sitini. Kifua cha Kulwa hakikupanda. Macho yalikuwa wazi, yametulia kwenye kioo. Midomo ilikuwa inageuka rangi.

"Kulwa. Pumua."

Akamtikisa. Mtoto alikuwa mgumu kama gogo, na ngozi yake ilikuwa na unyevu wa baridi. Alinuka magugu maji.

"Kulwa, pumua!"

Winnie akarukia ukutani, akachomoa waya wa umeme unaolisha TV na kiboksi. TV ikazima.

Kulwa hakupumua.

Akaurudisha waya. Kiboksi cha namna ile kikizimwa husahau kila kitu, lazima uanze upya. Hiki hakikusahau. Kijani alikuwa bado anaogelea. Tena alikuwa mbele zaidi ya pale walipomwacha.

Kwa hiyo hakikuzimika. Kilicheza gizani.

Winnie alijilazimisha kufikiri. Zamu hubadilika kwa njia moja tu: anayecheza lazima afe. Akainyakua padi mkekani, akachomoa waya wake kwenye tundu la kwanza, akauchomeka kwenye tundu la pili. Akabonyeza. Kijani akasita. Akamtii. Sakafuni kwenye yale mawe palikuwa na shimo jeusi linalovuta maji. Winnie akamwelekeza huko.

Mkono wa Tereza ukamshika kifundo cha mkono. Mkono wa mtu anayebeba magunia.

"Winnie. Usimuue mwanangu."

"Yupi, dada?"

Tereza akazidi kukaza mkono.

Winnie akabonyeza kwa kidole gumba cha mkono mwingine.

Kijani alifika ukingoni mwa shimo. Akageuka. Vijitu vya gemu ile hutazama kulia au kushoto tu, havikuchorwa vinginevyo. Huyu aligeuka akatazama mbele, nje ya kioo, akawatazama wote watatu waliokuwa chumbani. Halafu shimo likamvuta.

Kulwa akavuta pumzi kwa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Akakohoa. Akatapika maji kwenye mkeka, maji ya kijani kijani, mengi kuliko yanayoweza kukaa ndani ya tumbo la mtoto wa miaka kumi. Tereza akamwangukia, akamkumbatia, akalia kwa sauti ambayo hata msibani hakuitoa.

Winnie alibaki amepiga magoti, padi mkononi. Kioo kikaandika kwamba ni zamu ya mchezaji wa kwanza. Kijitu chekundu kikatokea mwanzo wa njia, mahali pake pa siku zote.

Padi ilikuwa kwenye tundu la pili. Tundu la kwanza lilikuwa wazi, tupu.

Chekundu kikadunda mara mbili, papo hapo. Kikaruka.

Jumatatu Winnie alikipeleka kiboksi Makoroboi. Nurudin alisikiliza hadithi mpaka nusu, akanyoosha mkono wa kukataa. Hakugusa hata mfuko. Sasa kiko juu ya kabati, kimefungwa kwa khanga, na Winnie hulala akitazama upande mwingine.

Mtoto alipona. Tena alipona kuliko alivyokuwa. Anaongea, anacheka, anamtania mwalimu wake wa hesabu. Majirani walimshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Winnie alikuwa amekaa sebuleni alipomsikia akirudi mbio kutoka nje. Kwenye kizingiti akasimama.

Dundu, dundu.

Akaruka ndani.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba," Winnie alisema.

Tereza alipakua ugali na sato. Sahani mbili za watoto, kama kawaida. Safari hii hakusema kitu. Mtoto ndiye aliyeichukua sahani ya pili, akaifunika kwa kawa, akaiweka dirishani.

"Hii ya Kulwa," alisema, kama mtu anayesema hii ni chumvi. Akakaa, akanawa, akaanza kula.

Winnie alimtazama dada yake. Tereza alikuwa ameinamisha kichwa, anachambua miba ya samaki kwa makini sana. Alikuwa amejua tangu lini? Winnie, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha kosa la mtu lipite bila kulisahihisha, akaumega ugali wake akautia mdomoni.

Saa kumi, nyumba ikiwa tupu, alikwenda dirishani akafunua kawa. Samaki hakuguswa. Ugali haukumegwa. Lakini juu yake kulikuwa na vishimo viwili, vimekaa sambamba kama vitufe vya padi, kila kimoja cha upana wa kidole gumba cha mtoto. Vilikuwa vimebonyezwa na kubonyezwa na kubonyezwa mpaka vikagusa sahani.

Vyote viwili vilikuwa vimejaa maji.