Ng'ombe Aliyevishwa Blanketi

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, na shahidi ni blanketi letu la kitandani.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Tulimwita Malkia. Alikuwa na mabaka meusi na meupe, mwili mkubwa, na manyoya mazito kama zulia. Tulimnunua huko juu milimani, kwenye ukungu. Sisi tunakaa chini bondeni, ambako mchana bati la paa hulia kwa jua. Maziwa ya Malkia ndiyo yaliyotulisha na kusomesha watoto. Hatukuwa na tegemeo jingine.

Msimu wa joto ulipoingia, Malkia alibadilika. Alisimama tu, hajilazi. Ulimi nje, mate yanachuruzika, mbavu zinapanda na kushuka. Maziwa yakapungua. Mimba nayo haikushika, ingawa alikuwa amepandishwa zaidi ya mara moja. Mchinjaji wa mtaani akaanza kupita mlangoni kwetu kila siku, akitusalimia kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani.

Mchana mmoja nikampima Malkia. Kipimajoto kikapanda. Nikasema, hii ni homa! Na homa, kama alivyotufundisha marehemu mama, hutolewa kwa jasho. Basi nikaingia chumbani, nikavuta blanketi, nikamfunika ng'ombe gubigubi. Nikaziba na madirisha ya banda kwa magunia, asije akapigwa na upepo.

Mke wangu alirudi na ndoo ya maji. Akasimama mlangoni pa banda.

"Baba watoto, mgonjwa ni ng'ombe au wewe?"

"Ana homa. Namtoa jasho."

"Juzi mimi nilitetemeka kwa homa usiku kucha, ukanipa shuka. Leo ng'ombe kapata blanketi!"

Alianza kucheka. Mara Malkia akapiga magoti, kisha akaanguka ubavu. Mke wangu akanyakua simu, akamwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuja na pikipiki. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku hiyo hata salamu hakutoa.

"Nani kamzika mnyama huyu angali hai?"

Nikatazama juu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye bati.

"Toeni blanketi! Toeni magunia! Maji, upesi!"

Tukammwagia Malkia maji mwili mzima. Kaka yangu mkubwa, ambaye tunapakana naye ukuta, alisikia kelele akaja na ndoo zake. Mke wangu akampepea kwa kipande cha boksi. Tulimwaga, tukapepea, tukamwaga tena. Mwishowe pumzi za Malkia zikapungua kasi. Akainua kichwa. Akanywa maji, ndoo nzima. Nikakaa chini kwenye matope kwa furaha.

"Hana homa huyu," daktari akasema. "Homa huletwa na ugonjwa. Yeye amezidiwa na joto tu. Ng'ombe wa maziwa mengi ni kama jiko, ndani kunawaka. Kule milimani baridi humpoza. Hapa joto lake halina pa kutokea. Manyoya yake ni blanketi la kwanza. Wewe ukamwongeza la pili."

"Langu," mke wangu akasema.

"Na mimba?" nikauliza.

"Joto likizidi, mimba changa haikai. Hamu ya kula nayo hupotea, ndipo maziwa yanapungua. Inueni paa, apate kivuli na hewa. Maji yasikosekane kutwa. Mlisheni asubuhi na jioni, kukipoa."

"Basi nimuuze. Nikanunue mwingine huko huko juu, mkubwa zaidi."

"Utakuwa umenunua jiko kubwa zaidi," daktari akajibu. "Sikiliza. Mama huwezi kumbadilisha. Mtoto unaweza."

Akatueleza kuhusu vinasaba. Hayo ni maagizo ya mwili. Ndama hupewa nusu na mama yake, nusu na baba yake. Yapo maagizo ya rangi, yapo ya maziwa, na yapo ya manyoya.

"Kuna madume wa ukoo wa ng'ombe wa maziwa waliobeba agizo la manyoya mafupi, laini," akasema. "Agizo hilo lina nguvu. Likitoka kwa mzazi mmoja tu, linaonekana. Ng'ombe wa namna hiyo hutoa joto mwilini kwa urahisi."

Kaka yangu akaweka ndoo chini. "Na hayo manyoya mafupi yalitoka kwa ng'ombe gani?"

"Wa nchi za joto. Wakapandishwa na ng'ombe wa maziwa, kizazi baada ya kizazi, huku wazuri wakichaguliwa."

"Aaa! Damu safi haichafuliwi, mdogo wangu. Utapata ndama wa kukupa maziwa ya kijiko."

"Ukiokota dume yeyote njiani, ndiyo," daktari akasema. "Dume ninayewapendekezea, dada zake wamepimwa maziwa, ni mengi. Usimchague dume kwa maziwa peke yake, wala kwa manyoya peke yake."

"Kwa hiyo ndama lazima atakuwa na manyoya mafupi?" nikauliza.

"Si lazima. Dume huyu alipata agizo hilo kwa mzazi mmoja, kwa hiyo karibu nusu ya watoto wake ndio hulipata. Ni kama kurusha sarafu."

Tukairusha. Tuliinua paa, tukaweka pipa la maji. Kulipopoa daktari akampandisha Malkia kwa mbegu ya dume yule, na safari hii mimba ikashika.

Siku ya kuzaa tulijazana bandani. Ndama akatoka, jike. Lakini alikuwa amelowa chepechepe, na ndama aliyelowa huwezi kumjua manyoya. Malkia akamlamba. Mke wangu akamfuta kwa kitambaa, akapitisha kiganja mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya banda.

"Mafupi," akasema. Kisha akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Kaka akachungulia juu ya ukuta. "Mbona kama amenyolewa? Huyo mwiteni Kipara."

Jina likaganda. Kipara akakua, akawa mtamba, naye akazaa. Kisha joto likarudi, kali kuliko lile. Mchana Malkia alihema kidogo kivulini. Kipara alijilaza karibu naye akicheua taratibu, kana kwamba jua ni habari za watu wengine. Jioni ndoo yake ilijaa, kesho yake ikajaa tena. Mchinjaji akahamishia salamu zake kwingine.

Ng'ombe wa kaka, wa damu safi, siku hizo alikuwa ulimi nje. Maziwa yake hayakutosha hata watoto. Kila asubuhi kaka alikuja kwetu kunywa chai, na kila asubuhi alikuja na hoja ile ile.

"Anakamuliwa, sikatai," akasema siku moja akisogeza kikombe. "Lakini Kipara si damu safi. Na mwenye akili hutazama damu."

Mke wangu akasimama na birika mkononi.

"Shemeji, kwenye chai hii nikutilie damu au maziwa?"