Lebo ya Marehemu Ouma

Kila jioni baada ya shule, Namwase alimsaidia shangazi yake, Hajarah, kubadilisha magazeti ya kukaushia mimea. Waliishi Nabuyonga, mjini Mbale. Shangazi alikuwa mtaalamu wa mimea, na mwaka ule alikuwa akitambua ukoo mmoja wa makangaga madogo yanayoota mashariki mwa Uganda.

Mengi yalikusanywa na mwenzake, Mzee Ouma, aliyefariki mwezi uliopita. Kangaga lake la mwisho lilikuwa na urefu wa kidole tu, kikonyo cheusi chenye vinyweleo, na halikufanana na mengine.

Jumatatu moja Namwase alimwaga chai juu ya lebo ya kangaga hilo. Wino ukayeyuka, jina la mahali lilipochumwa likapotea. Kwa hofu alichukua karatasi nyingine, akaiga mwandiko wa marehemu, akaandika: "Mlima Wanale, mwambani."

Tangu siku hiyo hakupata raha. Kila alipofungua gazeti lenye kangaga lile alihisi mtu amesimama nyuma yake, akisoma. Mara mbili alisikia kikohozi cha Mzee Ouma dirishani. Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Shangazi naye alipanda Wanale Jumamosi mbili kulitafuta kangaga hilo. Mara ya pili alirudi akichechemea, goti limechubuka, akasema wiki ijayo atashuka mwambani kwa kamba.

Namwase akamshika mkono.

"Shangazi, usiende. Lebo ile niliiandika mimi."

 Shangazi akampigia simu mjane wa marehemu, Mama Nabirye, huko Jinja. Yeye alikumbuka mara moja: mumewe alilichuma hapohapo Mbale, nyuma ya duka kuukuu la mfanyabiashara mmoja, Mzee Yashwant.

Jumamosi wakaenda. Mzee Yashwant aliwafungulia mlango wa uani, kwenye ukuta wenye unyevu usiofikiwa na jua. Makangaga yalikuwapo, yamejaa nyufa. Kikonyo kimoja kilikuwa kimekatwa kwa kisu, na mkato ulikuwa umekauka: hapo ndipo Mzee Ouma alipochuma. Namwase alikitazama, machozi yakamtoka.

"Lebo iliyolowa ingenifanya niulize," Shangazi alimwambia. "Yako ilinizuia kuuliza. Ukiharibu kitu, niambie siku hiyohiyo. Na usimsemee marehemu neno ambalo hakulisema, Namwase. Hawezi kurudi kukusahihisha."