Jumamosi ya Mama Mkwe

Mchana ulikuwa umepamba moto, na mlango wa idara ya dharura ulijaa watu kama soko. Machela zilipishana, watoto walilia, na mlinzi alipaza sauti asisikike. Katikati ya msukosuko huo aliingia kijana mrefu, shati lake jeupe limelowa jasho, mgongoni amembeba bibi kizee.

"Jamaa wa mgonjwa hubaki nje," alisema Sista, mkuu wa wauguzi wa idara hiyo, mwanamke aliyevaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Mimi si jamaa yake, Sista. Ameanguka barabarani, nikamwokota."

"Basi mlaze hapo, uende zako."

"Niende wapi? Mimi ndiye muuguzi mpya. Nilikuja kuripoti, naona nimeanza kazi barua yangu haijasomwa."

Sista alijitahidi asicheke, akashindwa.

Wenzake walimpa kijana huyo jina la Mlingoti kwa urefu wake, naye hakuchukia. Haukupita muda, yeye na Sista wakapendana, wakaahidiana ndoa. Lakini Sista ndiye aliyepanga zamu za wauguzi wote, na mpanga zamu hana rafiki: apewaye usiku husema ameonewa, na apewaye Jumamosi ya mapumziko huambiwa amependelewa. Kwa kuchelea maneno hayo, Sista alijiwekea sharti kwamba yeye na mchumba wake wasipumzike siku moja kamwe, wala pasiwe na mtu kazini wa kujua habari zao. Kwa hiyo mapenzi yao yaliishi kwenye simu.

"Haloo, mke wangu wa kesho," Mlingoti alisema jioni moja. "Wewe ukitoka, mimi naingia. Hivi tunapendana au tunapokezana lindo?"

"Vumilia, Mlingoti wangu. Nikikupa siku moja nzuri tu, watanila nyama."

"Nami nikizidi kukukosa, wataokota mifupa yangu."

"Hebu acha vituko!"

Walicheka. Kisha sauti ya Mlingoti ikashuka.

"Mama anataka kukuona. Moyo wake unazidi kuchoka, mpenzi. Picha hazitaki, anataka akushike mkono. Tupatie Jumamosi moja, twende wote kwake."

"Jumamosi ijayo, mimi na wewe. Nakuahidi."

Akapanga hivyo, akabandika ratiba ukutani, chumba cha chai. Hapo ndipo ilipomkuta Redio, muuguzi mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Makubwa haya!" alisema Redio. "Sista na Mlingoti wanapumzika siku moja! Jamani, tuanze kushona sare za harusi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Ulikuwa mzaha mtupu, tena usio na ubaya, lakini Sista aliyekuwa mlangoni aliusikia kama hukumu. Kabla ya jua kutua alimwondoa Mlingoti katika mapumziko, akamwandika kazini Jumamosi. Hakumwambia. Mlingoti aliyaona mabadiliko hayo ukutani, mbele ya watu.

"Baba, mbona uso umekuwa ndimu?" Redio alimuuliza. "Una jambo nyumbani? Nitaingia mimi badala yako, utanilipa siku nyingine."

Wauguzi huruhusiwa kubadilishana zamu, mradi mkuu wao akubali. Wakaenda wote wawili ofisini.

"Sista, tumeelewana mimi na huyu," alisema Redio.

"Siruhusu," alijibu Sista bila kuinua macho. "Mkianza ninyi, kesho wataanza wote."

"Sista," Mlingoti alisema polepole, "ni mama yangu."

"Kila mtu hapa ana mama."

Redio akamvuta Mlingoti mkono, wakatoka.

Jumamosi asubuhi, mama yake Mlingoti, fundi cherehani mstaafu, alivaa gauni lake la buluu aliloshona kwa siku za heshima, akapanda basi hadi hospitalini. Mwanawe alimkuta ameketi kwenye benchi la wagonjwa, mkoba mapajani.

"Mama! Moyo umekusumbua?"

"Moyo wangu mzima. Mtoto akifungwa na kazi, mzazi ana miguu. Yuko wapi mkwe wangu?"

"Leo amepumzika, Mama. Nitakuelekeza kwake."

"Sivamii nyumba ya mtu sijaalikwa. Mpigie, nitamngoja."

Mlingoti akapiga. Kwake, Sista alikuwa akipiga pasi sare zake. Aliliona jina kwenye simu, akajisemea, "Anataka kunigombeza. Hasira zipoe kwanza." Simu ikaita tena. Akaizima.

Mama alingoja kutwa nzima, huku waliovunjika na waliochomwa wakipitishwa mbele yake. Jioni akasimama.

"Msalimie," alimwambia mwanawe. "Anayeweza kukaa humu kila siku ana moyo mwema. Mwambie sikukasirika."

Siku chache baadaye alilala, asiamke.

Sista alipopata habari za kifo hicho, na za kungojwa kwake Jumamosi ile, alimwandikia Mlingoti ruhusa ya msiba. Naye akajiandikia mapumziko siku zile zile, asijali tena nani atasoma. Alipofika msibani alimkuta Mlingoti nyuma ya nyumba ya mama yake, amesimama peke yake.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua kwamba alikuja. Nitaacha ukuu, wapange wengine. Tutapumzika pamoja kila juma."

"Mama alikusamehe kabla hujaomba," Mlingoti alijibu. "Mimi nimejaribu, Sista, nimeshindwa. Zamu mbaya zote ulizonipa nilizifanya kwa furaha. Lakini siku ile ulichagua kati yangu na kicheko cha chumba cha chai. Nimeomba uhamisho."

"Mlingoti wangu..."

"Nenda ukapumzike. Umechoka."

Aliingia ndani kwa ndugu zake. Sista hakuwa na ujasiri wa kumfuata, wala nguvu za kuondoka. Alikunja mikono ya gauni lake jeusi, akajiunga na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo uani. Aliosha mpaka vidole vikanywea.

Shangazi yake Mlingoti, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa kulia, alimwendea akamshika bega.

"Mwanangu, umetufaa kuliko ndugu wa damu. Wewe ni nani wa mwanetu?"

Sista alimaliza kusuuza kikombe alichoshika.

"Tunafanya kazi pamoja, Shangazi," alisema, akaokota kikombe kingine.