Flavia Katupa Isale

"Amelitupa, Fredy."

Fredy aliacha kukamua ng'ombe, akainuka. "Amelitupa nini, shangazi?"

"Isale! Nimelifunga vizuri kwenye chane ya ndizi, nikashuka nalo mpaka Moshi. Flavia kapokea ndizi, isale kalitupa jalalani, halafu ananiuliza, 'Chai ya rangi au ya maziwa?' Na mimi Martha nikanywa!"

Fredy ndiye aliyemtuma nalo. Huku Kilema ukimpelekea mtu jani la isale kumwomba radhi, anakusamehe hata kama ulimchomea nyumba. Kulitupa ni kusema tusijuane mpaka kaburini.

Na kosa lilikuwa la Fredy. Mchumba wake Flavia, mwalimu kutoka Mbale, Uganda, alipomwambia ameomba uraia wa Tanzania, yeye alisikiliza maneno ya ndugu, akamuuliza mbele ya watu: "Kumbe ulinifuata mimi, au uraia?" Flavia alichukua mkoba wake, akaondoka.

Fredy alipanda kilimani kutafuta mtandao, akatuma meseji: "Nimeelewa. Sitakusumbua tena."

Jibu likaja: "Umeelewa nini?"

Akazima simu. Wachagga tuna kiburi jamani! Alinuna mpaka masika yakaisha, kahawa ikaanza kuiva, na moyo bado uko kwa Flavia. Jumapili moja baada ya misa uvumilivu ulimshinda, akateremka Moshi, akabisha hodi.

"Karibu," alisema Flavia bila kutabasamu.

"Nisamehe, Flavia. Najua isale langu ulilikataa, lakini..."

"Isale ndiyo nini?"

"Lile jani alilokuletea shangazi."

"La kwenye ndizi? Si nilidhani ni la kufungia!"

Fredy alishika kichwa. Mwanamke amekaa Moshi miaka tisa, mtori wa ndizi anaupika kuwashinda dada za Fredy, humwamkia mama yao kwa Kichagga. Nani angekumbuka kwamba kwao hakuna isale? Alipomweleza maana yake, Flavia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka.

"Ungekuja mwenyewe, Fredy. Mdomo si unao?"

"Niliona aibu."

"Mimi nimekula kiapo cha uraia wiki iliyopita. Peke yangu. Nimeukana uraia wa Uganda, nikarudi hapa nikalia, namwonea huruma mama yangu kule Mbale."

"Umeapa? Wakati tulishaachana?"

"Wanafunzi wangu wako hapa. Maisha yangu yako hapa. Sikuomba nchi kwa ajili yako."

Fredy aliinamisha kichwa. Aliona haya, na alimpenda kuliko siku zote.

"Basi mimi hunihitaji tena kwa lolote," alisema polepole.

Flavia alimvutia kiti.

"Uraia ninao, Fredy. Kama ndio nilioufuata kwako, leo ningekufungulia mlango wa nini?"

Fredy aliketi. Ndoa yao ilifungwa Kilema kabla ya Krismasi.