Chupa Iliyooshwa

Mapafu ya Casimir Mwewa yaliibwa siku ileile aliyozikwa.

Inspekta msaidizi Rigobert Chola alisimama katika chumba cha maiti cha hospitali ya Waafrika, Élisabethville, akiitazama chupa. Ilikuwa chupa kubwa ya mdomo mpana, ya kuhifadhia viungo vya uchunguzi. Haikuvunjwa wala haikuchukuliwa. Ilikuwa tupu, imeoshwa, imeinamishwa juu ya kitambaa safi ili ikauke.

"Nani aliiosha?" aliuliza.

"Haiko mimi," alisema mzee Anaclet, mlinzi wa chumba hicho. "Nimeikuta hivi leo asubuhi."

"Kufuli?"

"Iko nzima."

Daktari Verhulst, daktari wa serikali, aliingia akiwa amekunja mikono ya shati. Alizungumza Kifaransa, taratibu, kama mtu anayejizuia asipige kelele.

"Inspekta, Jumatatu tume inakaa. Ili familia ilipwe fidia, sheria inataka mambo mawili. Marehemu awe alifanya kazi ndani ya vumbi la asbesto. Na ugonjwa uliomuua uwe wa vumbi hilo, si mwingine. Jambo la kwanza kiwanda kimelikubali, kwa sababu wenzake wote walimwona akipasua magunia. La pili wanalikataa. Daktari wao ameandika kifua kikuu."

"Na picha ya eksirei?"

"Kila mtu anaisoma anavyotaka. Mapafu yenyewe ndiyo yangesema. Nilikuwa niyakate leo, niyaangalie kwa hadubini."

"Yasipopatikana?"

"Basi amekufa kwa kifua kikuu. Na wenzake wa chumba cha magunia nao watakufa kwa kifua kikuu, mmoja mmoja, na hakuna mtu atakayeulizwa."

Chola alikwenda kumwomba Komisaa gari. Komisaa alicheka. "Gari? Kwa mapafu ya mtu aliyekwisha kufa?"

Chola akapanda baiskeli yake. Baba yake alikufa Kambove, kwenye migodi, akikohoa hivyohivyo, na hakuna aliyemkata wala kuuliza. Alikanyaga pedali kwa nguvu kuliko barabara ilivyohitaji, kisha akageuza na kurudi kwa mzee Anaclet. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua. Mtu wa kiwanda angeibeba chupa nzima, au angeipasua. Mwizi gani anaosha chombo na kukitafutia kitambaa?

"Tata, jana nani aliingia humu?"

"Bandugu, kumwosha marehemu. Nikabapatia maji ya moto na sabuni yangu. Nikatoka inje. Muntu hawezi kulia muzuri kama unamuangalia."

"Walikuwa nani?"

"Mujane, na mudogo ya marehemu, ule Donat wa Kilwa yetu ya ku ziwa. Mama nguvu ikamwisha, akatoka. Mudogo akabaki pekee."

*

Kilio kilikuwa katika kambi ya wafanyakazi, nyuma ya kiwanda cha Bwana Delvigne kilichotengeneza mabomba na mabati ya saruji. Majani ya mipapai yalikuwa meupe kwa vumbi. Wanawake walikaa chini, juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja kuwa mikeka. Magunia hayo ndiyo yaliyoleta asbesto kutoka mbali. Yakiisha kutumika, kiwanda kiliwagawia wafanyakazi kama zawadi ya Noeli, na katika kambi nzima watu waliyalalia.

Adolphine, mjane, alimwona Chola amesimama na kofia mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini alisema, "Mupatieni baba kiti. Mupatieni chakula. Ametoka mbali na ile nkinga." Akaionyesha baiskeli kwa kidevu, kisha akakohoa, kikohozi kikavu, akageuza uso ukutani.

Bukari, ugali wa huko, ilikuja kwenye sinia kubwa, na mboga ya matembele. Wanaume walinawa wakala pamoja. Donat peke yake alikaa pembeni, akila kwa kijiko.

"Muangalie muzungu yetu wa Kilwa," alisema shemeji mmoja. "Bukari na kijiko. Kesho ataomba serviette ya kupangusa mudomo."

Watu walicheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka kwenye kilio. Donat hakucheka.

Chola alikwenda akaketi karibu naye, akampa mkono wa pole, na hakuuachia. Ngozi ya vidole vya yule kijana ilikuwa imekauka na kuwa nyeupe. Sabuni haikuwa imeondoa ile harufu kali ya formalini, dawa ya kuhifadhia viungo.

"Ndugu, tutembee kidogo."

Walikwenda mpaka nyuma ya bafu.

"Wewe ndiye ulimwosha?"

"Njo mimi."

"Na chupa?"

Donat aliificha mikono kwapani.

"Donat. Kwa nini uliosha chupa?"

"Kitu ya yaya yangu, kaka mukubwa, ilikuwa ndani," alisema kijana. "Siwezi kuiacha chafu."

"Na mapafu yake, yako wapi?"

"Fasi yake."

"Mahali pake, wapi?"

"Mu kifua. Nilikata ile uzi ya munganga, nikayarudisha, nikashona tena. Nilikuwa na uzi ya nyavu mu mufuko. Nashonaka nyavu tangu utoto." Alinyoosha mikono yake mbele kama anayengoja pingu. "Nimeiba nini, chef ya polisi? Yalikuwa yake."

Chola hakutoa pingu.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Ba Godefroid, kalani wa dispansari ya kiwanda. Alikuja hapa ku kilio, akatushika mikono. Akaniita pembeni. Akasema batumbula sasa habasumbuke kukamata bantu bazima. Bananunua mapafu. Akasema ile chupa itapanda ndege mpaka Bulaya. Akasema, kama uko mwanaume, usimuzike yaya yako mutupu."

Katika mji ule hakuna asiyejua habari za batumbula, wakamataji wa watu, waliosemekana kuwauza weusi kwa wazungu ili waliwe. Kina mama waliwaita watoto ndani mapema kwa sababu yao. Na kwa mtu aliyetoka Kilwa juu ya lori kumzika kaka, akakuta kifua cha kaka kimepasuliwa na mapafu yamekaa kwenye rafu, neno lile halikuhitaji ushahidi.

Chola alimweleza polepole. Mapafu yale yalikuwa sauti ya mwisho ya Casimir. Yangekwenda mbele ya tume Jumatatu, si Bulaya. Yakikosekana, kiwanda kingeshinda.

Donat aliketi chini kwenye udongo wenye maji.

"Mimi njo nimemunyamazisha," alisema.

"Wewe ulimpenda. Kuna mwingine aliyejua kuutumia upendo huo."

*

Jaji angeweza kuamuru kaburi lifunguliwe. Lakini Chola alitaka kusikia neno la Adolphine kwanza. Alichuchumaa mbele yake, akamwambia yote, hata habari ya Donat.

Adolphine alimtazama shemeji yake, aliyesimama mbali bila kuthubutu kusogea.

"Casimir alikuwa anasema, siku moja mutanipasua na mutaona," alisema mwishowe. "Mumutoe. Lakini Donat njo atamushona tena. Sitaki uzi ya bazungu."

Kisha akamwita Donat, akamkatia kipande cha bukari kwa mkono wake mwenyewe, akampa. Kijana alikila kwa vidole vyake vyenye harufu, machozi yakimtiririka.

Kaburi lilifunguliwa Jumamosi asubuhi. Formalini ilikuwa imeyatunza mapafu vizuri. Daktari Verhulst alionyesha kwanza vidole vya marehemu, ncha zake zilizovimba kama vijiti vya ngoma. Kisha akaonyesha utando wa mapafu. Ulikuwa mnene na mweupe, mgumu kama sahani. Alipokata, kisu kilikwaruza. Chola alisikia sauti ile, akatazama pembeni.

"Kifua kikuu hakifanyi hivi," alisema daktari. Jioni, kwenye hadubini, alimwonyesha Chola vijinyuzi vya asbesto vilivyokwama ndani ya nyama. "Miaka mingi alikuwa anavuta hivi. Kila siku ya kazi."

Donat alikwisha kumshona kaka yake. Alishona kwa makini, fundo baada ya fundo, kama wavu ambao hautakiwi kupoteza hata samaki mmoja.

*

Jumapili baada ya misa, Chola alibisha nyumbani kwa Godefroid. Kulikuwa na mapazia ya lasi, redio yenye kitambaa juu, na harufu ya rangi mpya.

"Inspekta, karibu. Samahani, ni rangi. Wiki ijayo wazungu wanakuja kuona nyumba, kwa ile carte ya mérite, ya Waafrika waliostaarabika. Wanaangalia mpaka uma na visu." Alicheka kidogo. "Kahawa?"

"Asante. Nimekuja na shida ya Kifaransa, ba Godefroid. Chako ni kizuri kuliko changu. Nilianguka na nkinga, nataka kwenda kwa daktari. 'Kifua kinaniuma.' Nitasemaje?"

"J'ai mal à la poitrine. Haiko nguvu, ni rahisi."

"Na mutu akisema 'niko na kifua'?"

"Ah, ile iko ugonjwa, kifua kikuu. Tuberculose."

"Kwa hiyo si kitu kimoja."

"Haiwezi kuwa kitu kimoja," alisema Godefroid kwa fahari ya mwalimu. "Mutafsiri mubaya tu njo anachanganya."

"Casimir Mwewa alisema lipi?"

Mkono wenye birika ulisimama hewani.

"Mke wake alikuwa amesimama mlangoni mwa dispansari siku ulipomtafsiria daktari," alisema Chola. "Casimir alisema 'kifua kinaniuma'. Wewe ukasema tuberculose. Mama hajui Kifaransa, lakini neno hilo kambi nzima inalijua. Ndilo neno linalomrudisha mtu kijijini mikono mitupu."

"Yule mama ana majonzi."

"Na Donat? Amesema yote."

"Mimi sikugusa chupa."

"Hapana. Ulikwenda kwenye kilio, ukawashika watu mikono, ukamtuma mdogo wa marehemu akaiguse. Wangapi, Godefroid? Wangapi walisema kifua kinawauma?"

Godefroid aliweka birika chini. Aliketi. Sauti yake ikapoteza ile fahari.

"Wa kwanza nilikosea. Kweli, nilikosea. Nilikuwa nimetoka seminari, naogopa. Docteur akafurahi, akaandika haraka. Nikarudi kutaka kusahihisha. Directeur akaniita ofisini. Akanipa kiti. Mbele ya bazungu wengine, chef, akanipa kiti, akasema, 'Huyu anaielewa kazi.' Hakuniambia niseme uongo, hata siku moja. Alinipa kiti tu."

"Na wewe ukakaa."

"Nikakaa."

"Kwa nini mapafu?"

"Yakionekana, watauliza nani alitafsiri. Na hii wiki bazungu wanakuja kuona nyumba. Nikipata carte, batoto yangu batasoma shule ya muzuri. Hawataitwa boy." Aliinua macho. "Wewe unavaa koti yao. Unajua."

Chola alijua, na kujua kwake kulimzidishia hasira. Aliiweka mikono yake mgongoni ili isifanye kile ilichotaka kufanya.

"Wale waliokuja kwako wakishika kifua nao walikuwa na watoto," alisema. "Vaa viatu. Twende."

*

Jumatatu tume ilisikiliza. Daktari Verhulst alieleza kuhusu utando na vijinyuzi, na madai ya Casimir Mwewa yakakubaliwa. Wenzake wa chumba cha magunia wangepimwa upya, na mtafsiri mwingine. Kalani alikuwa amekamatwa. Donat alionywa, akaachiliwa.

Bwana Delvigne, mkurugenzi, aliapa kwamba hakujua lolote. Mtafsiri alimdanganya, naye alisikitika sana. Kwake yeye vumbi lile lilikuwa kama unga wa mkate, lisilomdhuru mtu. Alishukuriwa kwa kufika.

Nje, Adolphine alikuwa amekaa kwenye ngazi juu ya gunia lake. Alimsogezea Chola nafasi. "Ikala, baba. Umechoka." Kisha akakohoa, akabaki ameshika ubavu.

"Hiyo kikohozi ilianza wakati gani, mama?"

"Iko ya zamani. Nilikuwa nakung'uta nguo yake kila jioni, kabla ya kufua. Ilikuwa nyeupe sawa ya muokaji."

Chola alitazama ncha za vidole vya Adolphine, zilizovimba kama za mumewe. Akarudi ndani.

"Huyo mama naye apimwe," alimwambia daktari.

Verhulst alivua miwani. "Alikuwa na mkataba?"

"Alikung'uta nguo."

"Sheria inasema mfanyakazi, Chola. Ninaweza kumpima. Siwezi kumfanya awe mfanyakazi."

Kwenye meza ya tume Bwana Delvigne alikuwa bado anazungumza na wajumbe, wakicheka jambo fulani la uwindaji.

Chola alitoka. Alivua koti lake la polisi, akalitandika kwenye ngazi. "Hamia hapa, mama." Kisha akalikunja lile gunia taratibu, bila kulikung'uta, akalibeba kwa mikono miwili mpaka ndani, na kuliweka juu ya meza mbele ya mkurugenzi.

"Zawadi ya Noeli, Bwana," alisema. "Kutoka kiwandani kwako."

Bwana Delvigne alirusha kiti nyuma. Alitoa leso haraka, akajiziba pua na mdomo.

Wajumbe waligeuka kumtazama. Daktari Verhulst alivaa tena miwani yake.

"Kumbe Bwana anajua," alisema Chola.