Ukuta wa Nyumba ya Mbao

Jumamosi moja ya mwaka 1975, soko la Katuba likiwa limefurika watu hadi barabarani, Chola alisimama mbele ya karakana moja akimwangalia fundi anavyoranda mbao. Chola alifundisha historia katika lise, shule ya sekondari ya mjini. Siku hiyo alijifunga pagne, kitenge cha kijani chenye ndege weupe, nywele amezisuka kwa nyuzi. Fundi, kijana aliyeitwa Kalaba, alimwona na randa ikasimama yenyewe.

"Citoyenne, unatafuta kitanda ao kabati?" aliuliza, akimwita mwananchi kama serikali ilivyoagiza.

"Natafuta muntu wa kutengeneza nyumba ya mbao. Mpaka kuta."

"Nyumba ya mbao, hapa Lubumbashi?"

"Iko moja, karibu na gare ya treni. Fundi muzima, haujue?"

"Unionyeshe, nitajua."

Nyumba hiyo ililetwa vipande vipande kwa treni kutoka kusini, mji ulipokuwa bado vichaka. Alikaa humo Mwingereza wa reli, wakaja Wagiriki, kisha ikabaki tupu, baraza lake lenye nakshi likioza. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuibomoa ajenge duka. Chola alikuwa anaandika historia yake ili iingizwe katika orodha ya nyumba zinazolindwa, lakini kamati ya orodha hiyo ilidai ushahidi wa mwaka ilipojengwa.

Kalaba akaanza kubadilisha mbao mbovu. Jioni Chola alimletea bukari, yaani ugali, na samaki, wakala barazani wakitaniana. Mwezi wa pili wa kazi, Chola alikuwa anamwita chéri, mpenzi.

Ndipo akatokea Mwaba wa ofisi ya makumbusho, suti yake ya kijivu ya abacost imenyooshwa, marashi yakimtangulia mlangoni. Alikuja kupima vyumba. Alipozungumza Kifaransa na Chola, wote wawili walicheka, na Kalaba, juu ya ngazi, hakujua wanacheka nini.

"Anachekaka nini na weye?" aliuliza siku moja.

"Ni kazi, chéri."

"Kazi inachekeshaka hivi?"

Jumatano moja Kalaba aliomba simu ya famasi, duka la dawa la jirani, akapiga lise.

"Chola hayuko," karani akamjibu. "Ameenda Karavia na citoyen Mwaba, na motokari yake."

Karavia, hoteli ya kando ya ziwa, yenye viti vya starehe. Kalaba alirudi kazini, akang'oa mbao ya ukuta wa jikoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya penseli: majina ya maseremala watatu, Kasonde wa kwanza, na chini yake mwaka, 1911.

Kamati ingekutana baada ya siku kumi. Bila mwaka ule, kazi ingekwisha, na Mwaba angerudi ofisini kwake. Kalaba akairudisha mbao mahali pake na kuipigilia misumari.

Siku tisa alinyamaza. Ya tisa, Chola alikuja macho mekundu, akakaa sakafuni.

"Kesho kamati inakutana, na nyumba bataibomoa. Hata ule mama anafanya kazi ku Karavia, alizaliwa humu, baba yake alikuwa mupishi, hajue mwaka."

"Mulienda kuona mama?"

"Ulifikiri tulienda kufanya nini?" Akamtazama. "Mwaba aliniomba ndoa, ndiyo. Nilimwambia niko na muntu wangu."

Kalaba aliona haya. Angeweza kujifanya anaona maandishi yale leo. Alichukua nyundo, akaitoa mbao.

"Niliyaona siku ile ulienda Karavia."

Chola alisoma majina polepole, akayanakili yote.

"Siku tisa, Kalaba. Uliniona nahangaika, ukanyamaza."

"Nilikuwa na wivu."

"Basi baki nao."

Kamati ilikubali. Nyumba iliingia katika orodha, na majina ya maseremala yakaandikwa kwenye historia yake. Chola hakukanyaga tena Katuba. Miezi miwili Kalaba alilala vibaya, akiona abacost ya kijivu kila kona ya mji.

Asubuhi moja mwenye famasi akamwita. Simu.

"Ni miye," alisema Chola. "Niko na hasira bado."

"Iko haki yako."

"Ungenificha mpaka mwisho, nisingejua. Lakini ulisema mwenyewe. Hicho ndicho kinanisumbuaka." Kisha akaongeza: "Siku ya Mungu, kiisha misa, baba iko ku nyumba. Kuya kumuona na bakubwa bako."

Kalaba aliegemea kaunta. "Chola, nikuoe?"

"Utauliza mbele yao. Na Mwaba nimemwalika, ni rafiki yangu. Utaweza?"

Wivu ulimrudia palepale, kama siku ile juu ya ngazi. Mwenye famasi alikuwa anamtazama.

"Itaniuma," alisema. "Lakini akuye. Nitamupa kiti miye mwenyewe."