Arlene na Saa Ndogo

Ijumaa mchana Arlene Kubicek alipakua supu nzito ya maharage na nyama. Kando aliweka mikate ya mdalasini, kama kila nyumba ya mji wao siku ya mechi. Mumewe, Dwayne, alikula. Yeye alikoroga tu bakuli lake.

"Kula, mama," Dwayne alisema. "Hiyo saa haitakukimbia."

"Inanikimbia kila Ijumaa. Nikikosea tena leo, mkuu wa shule atampa mtu mwingine kiti changu. Kasema wazi."

Arlene aliendesha saa ndogo kwenye uwanja wa shule wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira mikononi na kuangushana. Saa kubwa huhesabu dakika za mechi. Ndogo huiambia timu yenye mpira: anzeni kabla sijafika sifuri. Wiki iliyopita timu ya wageni ililalamika, naye hakujua kosa lake.

Jirani yao, mzee Hollis, akaingia kurudisha ngazi. Alikuwa mwamuzi kwa miaka ishirini na miwili. Dwayne alimvutia kiti, akamchagulia mkate wenye sukari nyingi.

"Mchezaji mwenye mpira akiangushwa, unaweka sekunde ngapi?" mzee aliuliza.

"Arobaini."

"Vyema. Na baada ya adhabu?"

"Arobaini."

Mzee akaacha kutafuna. "Hapo ndipo, binti yangu. Mchezo ukisimama kwa adhabu, au timu ikiomba mapumziko, ni ishirini na tano. Unaanza kuhesabu mwamuzi akipiga kipenga."

"Tofauti ya sekunde kumi na tano tu, mzee?" Dwayne alisema. "Mimi natafuta soksi kwa muda mrefu kuliko huo."

"Wewe hata mke ulimtafuta miaka tisa. Sikia. Timu inayoongoza ikipata kumi na tano za bure, inakaa na mpira huku saa kubwa inakwenda. Ikitokea mara nne, wenzao wamepoteza dakika nzima. Mchezo unakokota miguu, na haki inapotea."

Wiki iliyopita timu ya shule yao ndiyo iliyoongoza. "Basi tuliwaibia," Arlene alisema polepole.

"Hukujua. Leo unajua."

Jioni, zikiwa zimebaki dakika mbili, timu yao ilikuwa ikiongoza kwa pointi tatu, na mpira ulikuwa wao. Wageni wakaadhibiwa. Kipenga kikalia. Arlene akaweka ishirini na tano. Mkuu wa shule alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

Vijana wa nyumbani walizoea arobaini. Walikuwa bado wakinong'onezana saa ilipofika sifuri. Mwamuzi akawarudisha nyuma yadi tano kwa kuchelewa.

"Arlene, uko upande gani wewe?" mtu aliuliza kwa sauti kutoka jukwaani.

Arlene akaweka ishirini na tano tena. Safari iliyofuata vijana waliitazama saa, wakaanza ikiwa imebaki sekunde mbili. Wakashinda, kwa jasho.

Kocha wa wageni alipanda hadi kibanda cha saa alimokaa Arlene, kofia mkononi. "Tumeshindwa," alisema. "Ila leo hatuna la kulalamika. Asante, mama."

Mkuu wa shule alisikia. Akatoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akauweka mezani mbele ya Arlene.

"Kaa nao," alisema. "Wiki ijayo ufungue mwenyewe."